Nani Kamfunda Nzi?

Bibi yangu alikuja Dar mwaka jana kutolewa mtoto wa jicho, akafikia kwangu Mbagala. Siku aliyofunguliwa bendeji alikaa jikoni kutwa akivitazama vitu kama mtu aliyerudi kutoka safari ndefu: sufuria, mende, picha iliyo kwenye kiberiti. Ndipo akaiona chupa ya jemu dirishani, imefunikwa kipande cha shashi na kufungwa kwa mpira. Ndani mlikuwa na robo ya ndizi iliyoiva ikapitiliza, imeanza kunuka kama togwa lililolala, na nzi wadogo kama thelathini hivi.

"Mume wangu," akaniita. Kwetu Lindi bibi humwita mjukuu wa kiume hivyo, na mke wangu ameshazoea kuitwa mke mwenza. "Wenzio wanafuga kuku. Wewe unafuga vijidudu vya ndizi?"

Nikamweleza kwamba ni vya wanafunzi wangu wa kidato cha sita, tunavitumia kwenye somo la urithi. Akaguna. Guno la bibi nalijua, nikaona heri nimwonyeshe. Nikatoa dume mmoja na jike mmoja, nikawatia kwenye kifuniko cha chupa ya dawa na kukiziba kwa nailoni inayoonyesha, nikabandika lenzi ndogo kwenye kamera ya simu, kisha nikamshikia simu mbele ya jicho lake jipya.

Dume alikuwa amesimama pembeni akijisugua mbawa. Jike akapita. Dume akageuka mwili mzima kumwelekea, akabaki hivyo. Jike akienda kushoto, naye anazunguka kushoto. Kisha akasogea, akanyoosha mguu wa mbele, akamgusa tumboni. Mguso mfupi, kama mtu anayepima moto wa pasi kwa kidole kilicholowa. Halafu akafungua bawa moja tu, lile la upande wa jike, akalinyoosha kando kama mkono wa trafiki na kulitetemesha. Jike akakimbia. Dume akamfuata na bawa lake limenyooka. Jike akasimama ghafla na kumpiga teke la mguu wa nyuma lililomtoa dume kwenye picha kabisa. Hazikupita sekunde tatu, dume karudi, kajipanga nyuma yake, bawa juu.

Hapo simu ikazima kwa kukosa chaji.

"Huyu kafundwa," bibi akasema.

"Hajafundwa, bibi. Kazaliwa anajua."

"Kazaliwa anajua!" Akacheka mpaka akashika jicho. "Hodi kapiga. Wimbo kaimba. Kapigwa teke, hakununa. Mwanamume hazaliwi na mambo hayo, mjukuu wangu. Nani kamfunda?"

Bibi si mtu wa kubishana naye juu ya hilo. Kwa zaidi ya miaka 40 alikuwa kungwi kijijini kwetu, na baadhi ya wanawali aliowatoa sasa wana wajukuu. Anajua binadamu huhitaji kufundishwa nini, kwa muda gani, na wangapi hutoka ndani hawajashika kitu. Nami nilisimama mbele yake na digrii yangu ya ualimu nikitafuta pa kuanzia.

Nikaanza na jambo rahisi. Mchukue nzi akiwa bado pupa, yaani yumo ndani ya gamba lake, kabla hajatoka, umweke peke yake kwenye kichupa. Atatoka humo, atakula, atakaa siku tatu nne bila kumwona nzi mwingine wa aina yoyote. Hana baba, hana mjomba, hana kambi ya jando. Mtie jike humo. Atageuka, atafuata, atagusa, atanyoosha bawa, ataimba, atalamba, kisha atajaribu kupanda. Kwa mpangilio huohuo. Alfred Sturtevant, mmoja wa vijana waliofanya kazi na Thomas Hunt Morgan pale Columbia, New York, aliandika juu ya uchumba wa nzi hawa mwaka 1915, na mtu akisoma maelezo ya wakati ule hatashindwa kumtambua dume wa kwenye kifuniko changu cha dawa.

Mimi mwenyewe niliufahamu uchumba huu nikiwa mtu mzima tayari. Chuoni tulipewa nzi kwa ajili ya kuhesabu macho: wekundu wangapi, weupe wangapi, andika uwiano. Mafundi wa maabara waliwapulizia etha nyingi mno, nusu yao wakafa, tukahesabu maiti. Mitihani tukafaulu. Hakuna aliyetuambia kwamba viumbe wale wangeachwa hai dakika tano wangefanya jambo la kushangaza kuliko rangi ya macho yao. Ndiyo maana siku hizi wanafunzi wangu huanza kwa kutazama, kuhesabu baadaye.

Jambo lililowaonyesha wanasayansi kwamba ujuzi huu umeandikwa mahali fulani mwilini lilikuwa hitilafu, kama kawaida. Mwaka 1963 mtafiti aitwaye Kulbir Gill, akiwa Chuo Kikuu cha Yale, alikuwa akichunguza nzi waliopigwa mionzi ya eksrei, anatafuta utasa. Akakuta ukoo mmoja ambao madume wake hawapati watoto hata kidogo. Hawakuwa wagonjwa wala wavivu. Walikuwa wakitongoza kutwa nzima, ila walimtongoza kila nzi, jike kwa dume, na wala hawakuufikisha uchumba mwisho wake. Ukiwaweka madume watupu kwenye chupa moja walijipanga mstari, kila mmoja akimwimbia wa mbele yake huku akiimbiwa na wa nyuma, mnyororo unaozunguka ukuta wa chupa kama watoto wanaocheza treni.

Gill aliupa ukoo ule jina la mzaha, fruity, ambalo kwa Kiingereza cha mitaani lilikuwa la kuwakebehi watu. Baadaye likabadilishwa likawa fruitless, yaani bila tunda, tasa. Herufi tatu za mwanzo zikabaki, na mpaka leo jeni yenyewe huandikwa fru. Watu wa nzi wana desturi ya kuzipa jeni majina ya vichekesho. Pale Japani kundi la Daisuke Yamamoto lilipata madume wasiojishughulisha na majike kabisa, wakawaita satori, neno la Kizen la kuzinduka kiroho, kana kwamba nzi wale wameshavuka tamaa za dunia. Walipochimba wakakuta ni jeni ileile ya Gill, imeharibika mahali pengine.

Aliyeichukua kazi ya Gill na kuifanya somo zito alikuwa Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Brandeis. Ndiye huyohuyo aliyepata Nobeli mwaka 2017 pamoja na Michael Rosbash na Michael Young, ingawa ile ilikuwa kwa saa ya mwili, jinsi seli zinavyojua usiku na mchana. Hall aliishi na fru tangu miaka ya 1970. Mwaka 1996 ndipo jeni yenyewe ikapatikana na kusomwa herufi kwa herufi, na makundi mawili kwa wakati mmoja: lile la Yamamoto, na la Marekani alimokuwa Hall pamoja na Bruce Baker na wenzao.

Sasa hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana ndipo utamu ulipo.

Kwa nzi, jinsia haiamuliwi na kromosomu Y kama kwetu. Y ya nzi inahitajika kutengeneza mbegu, basi. Nzi mwenye X moja asiye na Y ni dume kamili, ila tasa. Kinachohesabiwa ni X. Zikiwa mbili, kuna jeni inayowaka mapema kabisa kwenye kiinitete, nayo inaiwezesha nyingine iitwayo transformer kutoa protini yake. X ikiwa moja, hakuna kinachowaka, na mambo yanakwenda njia ya dume. Protini ya transformer kazi yake ni uhariri. Maana jeni haitumiki moja kwa moja: huandikwa nakala, nakala hukatwa vipande visivyotakiwa, vinavyobaki vinaungwa, na hapo ndipo seli inasoma na kutengeneza protini.

Fru ipo kwa dume na kwa jike, herufi zilezile. Nakala inaandikwa kwa wote wawili. Tofauti iko kwenye mkasi. Chukulia barua ya posa yenye kurasa tano imefikishwa nyumba mbili. Nyumba ya kwanza inasomwa mpaka mwisho, wazee wanakaa, mambo yanaanza kupangwa. Nyumba ya pili mtu ameubandika ukurasa wa sahihi mara tu baada ya salamu. Msomaji anafika pale, anaona barua imekwisha, anaikunja na kuitia mfukoni. Kurasa nyingine zimo ndani ya bahasha, ila hakuna atakayezifikia. Jike ndiye nyumba ya pili. Transformer inasogeza mahali pa kukatia nakala, alama ya kusimama inaingia mapema, na protini iitwayo FruM haitengenezwi. Kwa dume hakuna anayesogeza kitu, barua inasomwa yote, FruM inatoka.

Mkato mmoja tu kwenye nakala. Nilipowaambia wanafunzi wangu, kijana mmoja wa nyuma akauliza: basi mwalimu, ukimkatia jike kama dume?

Swali hilo lilijibiwa Vienna mwaka 2005. Ebru Demir na Barry Dickson walitengeneza nzi ambao fru yao imelazimishwa kukatwa kwa namna moja tu, haijalishi mwili ni wa nani. Madume waliokatiwa kike wakawa hawana habari, jike anapita na wao wanajisugua mbawa. Majike waliokatiwa kiume, na miili yao imebaki ya kike na mayai yapo, wakageuka, wakawafuata majike wenzao, wakagusa, wakanyoosha bawa, wakalamba. Wakiwekewa dume aliyetengenezwa kwa njia ya jeni atoe harufu ya kike, walimtongoza naye.

Habari ile ilisambaa duniani kote, na si kwa uzuri. Waliokuwa na hoja zao kuhusu mapenzi ya watu wa jinsia moja waliichukua upande wao, na waliokuwa upande wa pili nao wakaivuta kwao, mpaka leo naiona ikizungushwa kwenye makundi ya WhatsApp na picha ya nzi mkubwa mwenye macho mekundu. Wote wamekosea mlango. Binadamu hana fru. Jeni hii ni ya wadudu, sisi hatuna ndugu yake wa kazi hiyo. Ile nyingine inayofanya kazi bega kwa bega nayo, doublesex, ndiyo ina jamaa yake kwetu aitwaye DMRT1, na huyo anashughulika na korodani, hana habari na nani kampenda nani. Wanafunzi wangu nawaambia hivyo, kisha tunarudi kwa nzi.

Maana kwa nzi wenyewe hadithi haikuishia Vienna. Wale majike wa Demir na Dickson hawakuwa madume kamili. Bawa lilinyooka, lakini wimbo haukuwa sawa, na hatua ya mwisho ya kukunja tumbo kupanda hawakuifikia. Vinavyokosekana hapo viko mikononi mwa doublesex, ambayo nayo hukatwa tofauti kwa dume na kwa jike, isipokuwa yenyewe hutoa protini kwa wote wawili, moja ya kiume na moja ya kike. Jeni hizi mbili hugawana kazi kama mwashi na mvunjaji. FruM hukaa kwenye DNA ya seli za neva na kuamua jeni zipi ziwake, na kwa njia hiyo matawi ya seli huelekezwa wapi yaungane. Doublesex kwa sehemu kubwa huamua seli zipi ziwepo.

Mfano ninaoupenda ni wa seli zinazoitwa P1. Dume ana kama 20 kila upande wa kichwa. Ukiziamsha kwa joto au mwanga, dume aliye peke yake chumbani, hana jike wala harufu yake, ananyoosha bawa na kuanza kuuimbia ukuta. Jike hana seli hizo. Kundi la Yamamoto lilionyesha mwaka 2008 kwamba naye huanza kuzitengeneza, kisha protini ya kike ya doublesex inaziua kabla nzi hajatoka kwenye pupa.

Kwa hiyo unaweza kudhani jike hana kitu, kaondolewa kila kilichohusu uimbaji. Nami nilidhani hivyo, mpaka nilipokutana na jaribio la mwaka huohuo wa 2008 la Dylan Clyne na Gero Miesenböck. Walichukua nzi waliowapandikizia kwenye seli za fru kitu kinachowezesha kuziamsha kwa mwanga. Kisha wakawakata vichwa. (Nzi asiye na kichwa huweza kusimama kwa saa kadhaa, wadudu wana akiba ya neva kifuani.) Wakawamulika. Madume wasio na vichwa waliimba. Majike wasio na vichwa nao waliimba.

Nikasimama hapo kusoma, nikaenda kunywa maji.

Wimbo wa majike ulikuwa na kasoro, mapigo hayakukaa vizuri, na walipopewa FruM ukasogea karibu na wa kiume. Lakini chombo kilikuwepo. Jike huishi maisha yake yote na mtambo wa wimbo kifuani na hapati amri ya kuuwasha. Mwanga ukitoa amri, bawa linanyooka.

Hata hivyo kuzungumzia fru peke yake ni kumpa dume sherehe yote, na kosa hilo wataalamu walilifanya kwa miaka mingi. Anayetoa uamuzi kwenye kile kifuniko cha dawa ni jike. Jike aliyekomaa dume hawezi kumlazimisha. Jike asipopunguza mwendo na kufungua sahani mbili ndogo zilizo mwisho wa tumbo, hakuna kitakachofanyika. Na wimbo anausikiliza kwelikweli. Una sehemu mbili, mvumo mwororo na mapigo yanayokatika, na kwa aina hii ya nzi pengo kati ya pigo na pigo ni kama milisekunde 35. Aina ya jirani, Drosophila simulans, pengo lake ni refu zaidi. Jike anasikia kwa unywele ulioko kwenye papasi zake. Mwaka 2014 watafiti wa Princeton, maabara ya Mala Murthy, walionyesha kwamba dume naye habwabwaji tu: huchagua mvumo au mapigo kulingana na jike anavyokwenda na umbali aliopo, na mwaka 2016 wakaonyesha kwamba jike akiwa mbali anaongeza sauti. Kwa bibi yangu hiyo ni sehemu ya mafunzo. Kwa nzi imo ndani.

Ule mguso wa mguu pia una maana yake. Nzi huonja kwa miguu. Ngozi ya jike ina mafuta yake na ya dume yana yake, na kwa kugusa dume anajua kamgusa nani, wa aina gani. Kuna nzi waliotengenezwa bila seli za kutoa mafuta hayo, na madume wa aina nyingine kabisa walikuja kuwatongoza, kwa vile hapakuwa na kitambulisho. Jike aliyekwisha pandwa hubeba harufu aliyoachiwa na dume wa kwanza, na ndani ya shahawa kuna protini fupi, iliyotambuliwa miaka ya 1980, inayombadilisha tabia: anataga mayai kwa wingi na kumkataa kila ajaye kwa siku kadhaa. Dume anayekataliwa mara kwa mara hujifunza kupunguza bidii. Hata kuna utafiti wa mwaka 2012 ulioonyesha kwamba madume waliokataliwa huchagua chakula chenye kilevi zaidi ya wale waliokubaliwa. Hilo nilipomwambia bibi hakushangaa hata kidogo.

Niongeze na hili, maana ni la kwetu. Nzi huyu anayeitwa wa maabara za New York na Vienna asili yake ni Afrika, kusini ya kati. Mwaka 2018 watafiti waliwakuta wakiishi porini kwenye hifadhi ya Matopos, Zimbabwe, wakipenda matunda ya mng'ongo kuliko mengine. Na mapema zaidi, mwaka 1995, Chung-I Wu na wenzake waliandika kwamba majike wa Zimbabwe wakiletewa madume wa Ulaya au Marekani huwakataa karibu wote, wakati majike wa huko nje huwakubali madume wa Zimbabwe. Wamekaa nyumbani na kipimo chao hawajakishusha. Nilipolisoma hilo kwa sauti jikoni, mke wangu alipiga vigelegele.

Narudi kwenye swali la bibi, kwa kuwa nilibaki nalo likanisumbua. Jibu langu la siku ile, kwamba kazaliwa anajua, lilikuwa sahihi na lilikuwa na tundu. Tundu lenyewe lilichapishwa mwaka 2014 na Yufeng Pan na Bruce Baker, yuleyule Baker aliyekuwamo mwaka 1996. Walichukua madume wasio na FruM kabisa. Ukimlea dume wa namna hiyo peke yake, kisha ukamletea jike, hatongozi. Hapo kila mtu alishakubali: hakuna protini, hakuna uchumba, mjadala umefungwa. Wao wakawalea madume haohao pamoja na nzi wengine kwenye kichupa kimoja kwa siku kadhaa. Wakatoka wanatongoza. Na tabia ile iliwakaa kwa muda wa wiki nzima au zaidi.

Zaidi ya hapo, waliwatongoza nzi wa aina waliyokaa nayo. Aliyelelewa na majike alitongoza majike, aliyelelewa na madume alitongoza madume, aliyelelewa na nzi wa aina nyingine kabisa aliwaimbia hao wa aina nyingine. Kinachowapa uwezo huo wa kujifunza ni doublesex ya kiume. Kwa maneno mengine dume ana njia mbili za kuufikia uchumba: moja imeandikwa na fru, anatoka nayo kwenye pupa, nyingine iko wazi kama daftari jipya, na kwa kuwa ya kwanza huwahi, ya pili haionekani mpaka uiondoe ya kwanza. Nusu karne ya kazi kwenye jeni hii, na hakuna aliyeiona, kwa sababu mtu akitaka kuchunguza nzi humtenga peke yake kwenye kichupa kisafi. Ndivyo tulivyofundishwa.

Mwaka huu bibi amerudi kwa jicho la pili. Sikusubiri afunguliwe bendeji. Nilimkuta kakaa kibarazani anapepeta mchele kwa kupapasa, nikamwamkia, nikamweleza yote: madume wasio na ile barua, kichupa, siku kadhaa za kukaa pamoja.

"Kambi," akasema.

"Kama kambi, bibi."

"Si nilikwambia?" Akaendelea kupepeta. Kisha ungo ukasimama. "Na kungwi wao alikuwa nani? Umesema wote ni wali, bado hawajafundwa. Hakuna hata mmoja anayejua."

Nikamwambia ndiyo, wakiwekwa wao kwa wao hakuna anayejua, na bado wanatoka wanajua kitu. Kwa kugusana, kwa kunusana, inaelekea. Namna hasa inavyoingia kichwani ndiyo kazi ya watu wenye maabara.

"Wali wanafundana wenyewe," akasema polepole, na sikuweza kujua kama amependa au amechukia. Katika miaka yake 40 hilo ndilo jambo alilokuwa analizuia kwa nguvu zote: wasichana kuachwa wenyewe usiku bila mkubwa, wakaambiana upuuzi. "Ndiyo maana wakatoka wanatongoza mpaka watu wa kabila lisilo lao. Hawakuwa na mtu wa kuwaambia."

Bendeji ilipotoka alinikumbusha chupa mwenyewe. Safari hii simu niliichaji. Nilikuwa nimewatenga majike tangu walipotoka kwenye pupa, ndani ya saa 8 za kwanza, kwani baada ya hapo huna hakika tena. Nao kwa kazi hii huitwa wanawali, jina lililomfurahisha bibi kuliko yote niliyowahi kumweleza. Jike alikuwa na siku nne. Nikamtia dume.

Akageuka. Akafuata. Mguu, mguso. Bawa likanyooka. Jike akakimbia raundi mbili za kifuniko, akapiga teke moja lisilo na nguvu, akaendelea. Dume akahamia upande wa pili na kubadilisha bawa. Bibi alikuwa ameikaribia simu mpaka pumzi yake inafanya ukungu kwenye kioo, nikawa naufuta kwa kidole. Jike akapunguza mwendo. Akasimama, akapiga hatua tatu, akasimama tena. Bawa la dume lilitetemeka mpaka halionekani, limekuwa kivuli.

Jike hakuondoka tena. Dume akapinda tumbo.

Bibi akajivuta nyuma, akaivuta khanga yake begani na kunigonga mkono kwa ukucha.

"Zima simu yako," akasema. "Na hicho kifuniko kiweke kivulini."